Kitanzi cha Mama Baraka

Juzi kazini adapta ya kompyuta ilipata moto mpaka ikaanza kunuka, ile harufu ya plastiki inayokaribia kuyeyuka. Wenzangu walikimbilia kufungua madirisha. Mimi nilibaki nimesimama na waya mkononi, kwa sababu pua ilikuwa imeshanirudisha mtaani Tassia, ghorofa ya nne, kwenye mlango uliotazamana na wetu.

Ninyi mliokulia huko mnazijua zile ploti, nyumba za ghorofa za kupanga. Ukumbi mwembamba unaopita katikati ya vyumba, giza mchana kutwa, mwanga ukiingia kwa mbali upande wa ngazi. Nguo mbichi zikiwadondokea walio chini. Ndege zikipita juu yetu kuelekea kiwanjani, chini kiasi kwamba mtu alinyamaza katikati ya sentensi, akasubiri ndege ipite, akamalizia. Baba alikuwa akifanya kazi Industrial Area, kwenye kiwanda cha mabeseni, na nguo zake zilikuwa na harufu hiyohiyo ya plastiki ya moto. Kwangu basi ilikuwa harufu ya mtu kurudi nyumbani. Kwa Mama Baraka, aliyeishi nyuma ya mlango ule, ilikuwa na maana nyingine. Ilimaanisha kompyuta yake kuukuu imewashwa, na yeye yuko mbele yake, anashindwa.

Nianze na yeye mwenyewe. Mama Baraka alikuwa keshia katika duka la vipuri huko Kariobangi, mwanamke kijana mwenye kicheko kilichosikika hadi ghorofa ya pili. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Walikuwa na mtoto mmoja, Baraka, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno. Kisha kichwa kikaanza kumuuma Mama Baraka. Alimeza vidonge vya kutuliza maumivu, akaendelea kwenda kazini, hadi asubuhi moja akaamka na kumwuliza mumewe kwa nini hawashi taa. Taa ilikuwa inawaka. Hospitalini walisema presha ilikuwa imepanda ndani ya kichwa, ikaibana mishipa ya macho. Walisema pia kwamba angefika mapema, mambo yangekuwa mengine.

Mimi sikuelewa habari za mishipa. Nilimwona akilia mfululizo baada ya kutoka hospitalini, macho mekundu, leso imelowa, nikajiambia kwamba kulia ndiko kulikompofusha. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilikuwa nikipigwa au nikianguka ninayakaza macho yangu yasitoe machozi, nikiogopa kuyamaliza.

Mumewe alianza kukaa safarini muda uliozidi urefu wa barabara zenyewe. Baadaye simu yake ikawa haipatikani. Halafu siku moja mama wa huyo mume akaja kutoka Bungoma, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, na akaondoka na Baraka mgongoni. Nilikuwa kwenye ngazi na mtungi wa maji nilipomsikia akisema, bila ukali wowote, "Ukipata kazi, na mtu wa kukaa nawe, mtoto atarudi. Kabla ya hapo, hapana. Usinilaumu." Mama Baraka aliwafuata akipapasa ukuta kwa kiganja. Alipofika ukuta ulipoishia alisimama, maana hakujua ngazi inaanzia wapi. Baraka aliendelea kumwita hadi sauti yake ikapotelea kwenye kelele za barabarani.

Tuliendelea kumwita Mama Baraka. Hakukuwa na jina jingine tulilomjua nalo.

Sasa hiyo kompyuta. Kulikuwa na ofisi fulani mjini iliyowafundisha vipofu kazi za kompyuta. Walimpa mashine iliyotumika, yenye sauti ya kusoma kilichoandikwa, na wakamwambia kwamba watakaopita jaribio la mwisho watatafutiwa ajira. Masomo yalikuja kwa simu, yamerekodiwa na mwalimu wa Mombasa aitwaye Saidi, ambaye hakupenda kuchanganya lugha. Alifundisha Python, lugha ya kuiandikia kompyuta amri, kwa Kiswahili kitupu. Safu ya vitu ilivyopewa kompyuta ivikumbuke, yeye aliiita orodha. Na zile amri za kuifanya kompyuta irudie jambo lilelile kwa kila kitu kilichomo kwenye orodha, yeye aliziita kitanzi.

Mimi sikuyajua hayo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kitanzi nilikijua kimoja tu. Mwanamume mmoja wa ploti ya nyuma alikuwa amejitia kitanzi mwaka uliotangulia, na watu wazima walikuwa wakilitamka neno hilo kwa kushusha sauti tukikaribia.

Siku hiyo nilitoka shule, nikapanda ngazi, nikawa natafuta ufunguo wetu ndani ya begi. Mlango wa Mama Baraka ulikuwa umefungwa. Ndani nikamsikia akiongea, sijui na nani, sauti yake imechoka kabisa.

"Hiki kitanzi kimenishinda," alisema. Kisha akasema, "Mungu wangu. Acha nikimalize leo, nipumzike."

Niligonga. Hakujibu. Niliita, "Anti! Anti!" Hakujibu. Niliacha begi palepale chini nikateremka ngazi nikiruka, mkono ukiteleza kwenye chuma, nikampata mama kibandani kwake kando ya barabara akikatakata sukuma wiki kwa ajili ya wateja wa jioni.

"Mama, Mama Baraka anajitia kitanzi!"

Mama hakuniuliza umesikia wapi. Aliacha kisu kikaangukia majani, akakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia kabla ya hapo, wala baadaye. Njiani alimwita Odhiambo, msimamizi wa ploti, naye akaja na ufunguo wa akiba, akiwa na kandambili mguu mmoja tu. Walipoufungua mlango, Mama Baraka alikuwa ameketi mezani na visikizi masikioni, vidole juu ya vibonye, akisikiliza kompyuta. Alishtuka alipohisi upepo wa mlango.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama Shiru," mama alisema, akihema. "Huyu mtoto amesema… amesikia unasema mambo ya kitanzi."

Mama Baraka alivua visikizi. "Kitanzi cha kompyuta, Mama Shiru. Ni somo."

Odhiambo alicheka hadi akaegemea ukuta. "Shiru, wewe utatuua na presha! Umenifanya nipande ghorofa nne na kiatu kimoja!" Akanipapasa kichwa, akashuka akiendelea kucheka. Nami nilicheka, kwa aibu, nikisubiri mama naye acheke.

Mama hakucheka. Alikuwa akitazama kitanda. Kilikuwa kimetandikwa vizuri mno, na juu yake kulikuwa na nguo zote za Baraka zilizobaki, zimekunjwa, zimepangwa ndani ya begi lililo wazi, na kando yake simu, kitambulisho na kadi ya hospitali, vyote vimelazwa sambamba kama vitu vya kumwachia mtu.

"Umezipanga hizi za nini, Nekesa?" aliuliza. Ndiyo siku niliyojua kwamba Mama Baraka anaitwa Nekesa.

"Apelekewe mtoto."

"Na nani?"

Ndege ilipita, na safari hii hata ilipokwisha kupita hakuna aliyemalizia sentensi. Mama Baraka aliinamisha uso juu ya vibonye, na kompyuta ikaanza kutamka herufi zilizobonyezwa na paji lake, moja baada ya nyingine, mbio mbio, bila maana. Mama aliniambia niende nikachunge kibanda. Nilishuka. Niliwauzia watu sukuma wiki vibaya siku hiyo, na mama hakuniuliza chochote kuhusu mauzo.

Kesho yake aliniambia, "Kuanzia leo ukitoka shule unafanyia kazi yako ya shule kwa Mama Baraka. Pale kuna meza nzuri."

"Lakini mama, hata sisi tuna meza."

"Nimesema pale. Na umsaidie na hiyo kompyuta. Si mnafundishwa shuleni?"

Tulifundishwa kidogo, kwa vitabu zaidi kuliko kwa mashine. Nilijivuna. Niliamini nimeteuliwa kwa akili zangu. Asubuhi mama alimpelekea chai yeye mwenyewe, adhuhuri Odhiambo alipita kuuliza kama maji yanatoka, alasiri nikaja mimi, jioni baba alibisha hodi kumsalimia, yeye ambaye hakuwa mtu wa kusalimia majirani. Nilikuwa mtu mzima kabisa, nikimtembelea mama, nilipotambua kwamba tulikuwa tukipokezana zamu. Nilimwuliza. Alikuwa akichambua maharagwe, hakuinua macho.

"Ningemwacha peke yake?" alisema.

Basi nikawa ninaketi naye. Zoezi lake lilikuwa la mfanyabiashara wa matunda. Mwalimu Saidi alitoa orodha, embe, chungwa, papai na kadhalika, akataka programu ipite kwenye orodha, itaje kila tunda, kisha mwishoni iseme ni mangapi. Programu ya Mama Baraka ilitaja yote vizuri. Halafu ilisema, kwa ile sauti yake kavu, kwamba idadi ni moja.

"Moja!" Mama Baraka alisema. "Imeyataja yote, imeyapitia yote, halafu inaniambia ni moja. Shiru, nisomee tena. Pole pole."

Nilisoma. Alisema kompyuta yenyewe husoma kama mtu anayekimbilia gari, sauti yangu ndiyo anaielewa. Nilimsomea kila neno, kila mabano, kila nukta pacha. Alisikiliza ameinamisha kichwa, midomo ikirudia. Kila kitu kilikuwa sawa. Alifuta, akaandika upya. Tukaendesha. Moja. Akafuta tena. Moja. Siku ziliendelea hivyo. Nilikuwa nikiingia namkuta na nywele zimesimama alipozishikashika, chai ya mama imepoa ikaunda ngozi juu, na chumba chote kinanuka ile plastiki ya adapta. Siku moja alipiga meza kwa ngumi zote mbili.

"Sitaweza. Shiru, mwambie mama yako sitaweza. Mtoto wangu atakua akijua mama yake alishindwa kuhesabu maembe."

Niliogopa sana. Nilitaka kumtazama usoni lakini sikuthubutu, kwa hiyo nikaitazama kompyuta, si kwa kuisoma bali ili nisimtazame yeye. Ndipo nikaona.

"Anti, huu mstari wa kuongeza idadi hauko chini ya mwenzake."

"Haupo chini? Si ndio unaofuata?"

"Unafuata, lakini umetoka nje. Ule wa juu umeingia ndani kidogo. Huu umeanzia ukutani."

"Umeingia ndani kwa kitu gani?"

"Kwa nafasi."

"Na tangu tuanze zimekuwa hapo, hizo nafasi?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuwa unanisomea?"

"Hakukuwa na kitu cha kusoma, anti. Ni peupe tu."

Akaanza kutetemeka mabega, nami nikadhani analia, kumbe anacheka, ingawa mwishowe vyote viwili vilichanganyika. Kilichoingia ndani kidogo ndicho kilicho ndani ya kitanzi, alinieleza, akipangusa uso. Kinachoanzia ukutani kimeachwa nje. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa ikipita kwenye matunda yote bila kuhesabu, inatoka, halafu inahesabu mara moja tu na kufunga duka. Aliusogeza mstari ndani. Tukaendesha, nayo ikataja idadi yote kamili. Jioni hiyo alimpigia simu mwalimu Saidi, naye, kwa masikitiko, akamwambia kwamba ile sauti ina mpangilio wa kutamka nafasi za mwanzo wa mstari, ila alisahau kuutaja katika masomo. Alidhani kila mtu anao.

Kisha likaja zoezi la kujiandaa kwa jaribio lenyewe. Katika orodha ya matunda sasa yamo yaliyoandikwa "bovu", na programu lazima iyaondoe yote, ibakize mazuri, iyahesabu. Mama Baraka aliandika kitanzi kwa nafasi zake zote. Kila tunda la orodha, likiwa bovu, liondoe. Kilisomeka kama maagizo ya kumtuma mtoto sokoni. Lakini ilipomaliza, bovu moja lilikuwa limebaki.

Alijaribu orodha nyingine, likabaki jingine. Wakati mwingine hayakubaki kabisa, na hilo ndilo lililomvunja zaidi, kwa sababu alidhani amepona, kisha ugonjwa ukarudi. Siku ya kwenda kufanya jaribio ilikuwa imekaribia. Mama mkwe alikuwa ameacha kumpa Baraka simu, akisema mtoto akisikia sauti ya mama yake hali chakula. Mama Baraka hakulala vizuri tena, mashavu yalimwingia, na alianza kuongea na ile kompyuta kama unavyomwomba mtu.

"Liko hapo. Si unaliona? Mbona unaliruka?"

Mimi nilikuwa na imani yangu ya kitoto ambayo sikumwambia mtu. Katika kichwa changu, Baraka alikuwa amezuiwa na lile bovu. Siku litakapotoka, naye atatokea, siku hiyohiyo. Kwa hiyo kila lilipobaki nilijisikia kwamba Baraka amefika mlangoni akarudishwa.

Mama ndiye aliyeleta nyanya, bila kujua analeta nini. Alipanda na beseni la nyanya za siku iliyopita ili tutenge zinazoweza kupikwa. Mama Baraka alisema atasaidia, kwani mbovu haihitaji macho, kidole kinaijua. Alizipanga mezani kwa safu. Alipitisha kidole cha shahada kutoka moja hadi nyingine, ngumu, ngumu, laini. Ile laini aliitoa, nyingine zikabingirika kusogea kuziba pengo, maana meza ile ilikuwa imeinama upande. Kidole kikasonga mbele mahali panapofuata.

Akasimamisha mkono.

"Shiru. Ile iliyokuwa inafuata baada ya mbovu iko wapi?"

"Imesogea pale mbovu ilipokuwa."

"Na kidole changu kiko wapi?"

"Kimeshapita."

"Sijaigusa."

"Hujaigusa, anti."

Alirudisha kidole nyuma, akaibonyeza ile aliyoiruka. Ilipasuka, maji yakachuruzika mezani. Ilikuwa mbovu pia.

"Zikifuatana mbili," alisema polepole, kana kwamba anaogopa kulitisha wazo lenyewe, "nikitoa ya kwanza, ya pili inajificha kwenye nafasi yake. Mimi nasonga mbele. Mama Shiru, naikata safu huku naipitia!"

Mama, ambaye hakuelewa hata neno moja, alisema, "Mimi sitoagi mbovu. Nachukua nzuri naweka kwa beseni lingine. Zinazobaki natupa."

Mama Baraka aligeuza uso upande wa sauti yake. Aliomba beseni tupu. Alipanga safu upya, akapitisha kidole, kila ngumu akaiweka kwenye beseni, mbovu akaiacha ilipo. Hakuna kilichosogea. Hakuna kilichojificha. Aliosha mikono, akaketi, akaandika orodha mpya iliyo tupu, na ndani ya kitanzi akaagiza kila tunda lisilo bovu liongezwe humo. Nilimwona akiweka nafasi za mwanzo wa mstari kwa kidole gumba, kwa uangalifu, sauti ikizitamka. Tuliendesha kwa kila orodha tuliyoweza kubuni, hata zenye mabovu matupu. Halikubaki bovu hata moja.

Mama alipiga vigelegele. Mama Baraka alimkumbatia, mikono ingali na harufu ya nyanya. Mimi nilichomoka nje nikaenda hadi ngazini, nikachungulia chini. Nilikaa pale muda mrefu. Walipanda watu na mitungi, akapanda Odhiambo, akapanda baba kutoka kazini.

"Unamngoja nani?" baba aliuliza.

Nilimfuata ndani nikala, masikio yakiwa bado ngazini.

Alipita jaribio. Ofisi ile ilimsifu, ikampa cheti, ikamwambia atapigiwa simu. Simu haikupigwa. Alikaa nayo mapajani, akiigusa kila mara kuona kama haijazimika. Alipowapigia wao, waliomba awe mvumilivu. Alimpigia mama mkwe kumwambia kuhusu cheti, na mama mkwe akajibu, "Cheti si kazi, mwanangu." Baada ya hapo aliacha kuiwasha kompyuta. Zile zamu zetu, zilizokuwa zimelegea, zikaanza upya. Safari hii hata mimi nilihisi, kwa namna mama alivyokuwa akinitazama usoni kila nilipotoka chumba kile, akitafuta habari kabla sijafungua mdomo.

Shule zilipofungwa alimwambia mama, "Nakwenda Bungoma. Wakinifukuza, nifukuzwe nikiwa hapo." Mama hangeweza kukiacha kibanda. Nikapewa mimi kazi ya kumshika mkono.

Tulimkuta mama mkwe akianika mahindi uani. Baraka alikuwa amerefuka. Alimtazama mama yake, kisha akajificha nyuma ya sketi ya nyanya yake, akamwuliza, "Mama, huyo ni nani?"

Mama Baraka aliuachia mkono wangu. Alipiga magoti juu ya mahindi yenyewe.

"Ni mama," alisema.

Mtoto hakusogea. Mama mkwe alimwambia ainuke, akamletea kiti, akamletea chai. Walizungumza mbele yangu, kwa kuwa sikuwa mtu wa kuogopwa. Nilikuwa nimekuja nikimchukia yule bibi. Lakini aliongea akifinyafinya ncha ya leso, macho yake hayakumtazama mkwewe.

"Ghorofa ya nne," alisema. "Stovu chini. Maji ya moto. Zile ngazi. Mimi nina macho mawili na nilizika mtoto aliyetumbukia kisimani, nikiwa naye hapohapo uani. Nekesa, nitakupaje huyu?"

"Sijui, Mama," alisema Mama Baraka. "Lakini hapa nilivyo sina uhai. Kama huwezi kumpa, njoo naye. Njoo ukae kwangu uone. Ukiona siwezi, nitamfunga begi mimi mwenyewe."

Mama mkwe alianua mahindi yote. Kisha akamwita jirani, akamwomba amtunzie kuku.

Alikaa nasi Tassia msimu mzima wa mvua. Wote watatu walilala chumba kile kimoja. Alifundishana na mkwewe mahali pa kuweka stovu, juu, ukutani. Odhiambo alitia kijilango cha mbao mwanzo wa ngazi. Mama Baraka alimshonea mtoto kikengele kwenye kaptula, na Baraka akawa akikishika ili kisilie apite kimyakimya, naye mama yake akamsikia kwa pumzi tu. Hata hivyo yule mtoto alimwita nyanya yake mama. Akiumia alimkimbilia nyanya. Mama Baraka alikuwa akimsikia akipita mbele yake, analia, anakwenda kwingine, na hakunyoosha mkono kumzuia. Katika siku hizo mwalimu Saidi alimpigia, akamwomba awe anasikiliza makosa ya wanafunzi wapya kwa simu, kwa ujira. Kazi hiyo aliipokea kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayepokea chumvi.

Asubuhi aliyoondoka mama mkwe hakukuwa na mvua. Alimuaga mama, akamuaga baba, akaweka mkono juu ya kichwa changu. Hakusema kwamba ameridhika. Alifungua kile kijilango, akakifunga nyuma yake, akajaribu kukitikisa kuona kama kimeshika. Kisha akashuka bila begi la mtoto.

Baraka alipogundua, alipiga mayowe yaliyofungua milango yote ya ukumbi. Alishika mbao za kijilango akizitingisha, akiita. Mama yangu alitaka kwenda kumbeba. Mama Baraka, aliyekuwa amesikia hatua zake, alisema, "Mwache, Mama Shiru. Tafadhali." Alikuja akipapasa ukuta, akakaa chini kwenye saruji, nyuma kidogo ya mtoto. Hakumwita. Hakumgusa. Majirani walirudi ndani mmoja mmoja. Mayowe yakawa kilio, kilio kikawa kwikwi. Mtoto aliegemea mbao, akageuka, akamkuta mama yake ameketi pale amekunja miguu. Aliyatazama yale macho yasiyomtazama. Akapangusa kamasi kwa mkono, akamsogelea taratibu, akajiangusha mapajani mwake. Na Mama Baraka, ambaye alikuwa ameizuia mikono yake muda wote huo, akaifunga kumzunguka.